Mbegu Hazioti Kwenye Trei: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu mbegu zinazosiwa ndani ya nyumba, barazani au kwenye kitalu kilichoezekwa, kabla ya miche kuhamishiwa bustanini au shambani. Mazao yanayozungumziwa zaidi ni nyanya, pilipili hoho, vitunguu, kabichi, saladi, papai na baadhi ya mboga za kienyeji. Wengi wanaouliza huwa wameshahukumu kwamba waliuziwa mbegu feki. Wakati mwingine ni kweli, lakini kwa trei nilizochunguza, za kwangu na za majirani, mara nyingi pakiti ililaumiwa kwa kosa la joto, la maji au la udongo.

Siku kumi zimepita na hakuna kilichochomoza. Nianzie wapi?

Fukua. Kabla ya kununua pakiti nyingine, kabla ya kuongeza maji wala mbolea, chukua kijiti cha kuchokonolea meno, fungua matundu matano au sita ya trei kutoka sehemu mbalimbali, kisha utazame mbegu zenyewe kwenye kiganja. Watu husita kufanya hivyo kwa kuogopa kuua miche, ilhali kupoteza mbegu sita ni bei ndogo kuliko kurudia kosa lile lile kwa mbegu mia mbili.

Ukikuta mbegu bado ngumu na ndogo kama ilivyotoka kwenye pakiti, haijapata maji, hata kama wewe umemwagilia kila siku. Ukikuta imevimba, imekaza na haina harufu, basi ipo hai au inaelekea kuwa hai, na kinachoizuia ni baridi au usingizi wake wa asili, kwa hiyo irudishe na uisubiri. Ikiwa laini, na ukiiminya kwa kucha inatoa uji wenye harufu ya uozo, imekufa, ama kwa sababu ilikuwa imezeeka tangu mwanzo ama kwa sababu ililowekwa kwenye tope lisilo na hewa. Ikiwa imetoa kijizizi kisha kijizizi hicho kimekuwa cha kahawia na kusinyaa, iliota vizuri ikauawa baadaye na ukavu wa nusu siku, na chumvi, au na vimelea vya ukungu. Na ikiwa mche umejikunja chini ya udongo kama ndoana, ukihangaika kutoka, uliizika mno au tabaka la juu limeganda.

Kuna hali ya mwisho ambayo watu huisahau: mbegu haipo kabisa. Sisimizi hubeba mbegu ndogo, hasa za saladi, na panya hupenda mbegu za jamii ya matango na maboga. Trei inayokaa chini sakafuni ndiyo huathirika zaidi, na meza ambayo kila mguu umewekwa ndani ya kopo la maji huwazuia sisimizi vizuri sana.

Kwa kawaida mbegu huchukua siku ngapi?

Jibu hutegemea joto kuliko aina ya mbegu. Nyanya iliyo kwenye udongo wenye nyuzi joto 25 huchomoza katika siku sita hivi, kwenye nyuzi 15 huchukua wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 inaweza kukaa zaidi ya mwezi mzima, kama haijaoza kwanza. Pilipili hoho ni mvivu zaidi: siku nane hadi kumi kwenye nyuzi 25 hadi 30, na karibu wiki nne udongo ukishuka hadi nyuzi 15. Kabichi na sukuma wiki hazisumbui, kwani huonekana kati ya siku ya nne na ya saba. Vitunguu huchukua wiki moja au zaidi kidogo. Papai huchukua wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine zaidi, hivyo anayelalamikia papai siku ya kumi analalamika mapema.

Chumba changu hakina baridi. Inawezekanaje joto likawa ndiyo tatizo?

Mbegu inaishi kwenye joto la udongo, si la chumba. Udongo uliolowa hupoteza joto maji yanapogeuka mvuke, kwa hiyo mara nyingi huwa na nyuzi kadhaa pungufu ya hewa inayouzunguka, na pengo hilo huongezeka ukimwagilia alfajiri kwa maji yaliyolala nje. Mtu wa Njombe, Lushoto au Limuru anayesia hoho mwezi Juni au Julai anaweza kuwa amevaa sweta moja na kujiona yuko sawa, huku trei yake iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji ikiwa na nyuzi 13 usiku kucha.

Choma kipimajoto ndani ya udongo wa trei, usome asubuhi na mapema, kisha usome tena saa nane mchana. Ikiwa kipimo cha asubuhi kiko chini ya nyuzi 18 na unasia nyanya, hoho au biringanya, inua trei kutoka sakafuni, iweke juu ya ubao au tabaka la magunia, ifunike kwa nailoni, na mwagilia saa nne asubuhi kwa maji yaliyokaa ndani. Ukuta wa jikoni unaopata joto ni mahali pazuri, lakini usiweke trei pembeni ya jiko la mkaa linalowaka. Moshi na gesi zake hudhuru miche michanga, na upande mmoja wa trei hukauka huku mwingine ukibaki tope.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Trei iliyofunikwa nailoni ikaachwa kwenye jua la moja kwa moja hugeuka tanuri ndani ya saa moja. Mwaka mmoja niliacha trei ya hoho kwenye dirisha linalotazama magharibi, nikaenda msibani, niliporudi jioni matone yaliyokuwa chini ya nailoni yalikuwa ya moto kwenye vidole. Kati ya matundu mia mbili yaliota thelathini na moja, na yote yalikuwa kwenye pembe iliyopata kivuli cha pazia.

Kwa nini saladi haioti Dar es Salaam au Mombasa, ilhali nyanya kwenye trei ya jirani inaota?

Mbegu ya saladi ikilowa kwenye udongo uliozidi takriban nyuzi 28 hadi 30 hujifunga. Haifi, bali inajilinda, na aina nyingine zinaweza kuendelea kulala hata joto likishuka baadaye. Saa za kwanza baada ya kulowa ndizo zenye uamuzi mkubwa. Kwa hiyo sia jioni, tumia maji yaliyopoa, na uiweke trei sehemu yenye kivuli na upepo kwa siku mbili za mwanzo. Njia ya uhakika zaidi ni kuzitandaza mbegu kwenye karatasi laini yenye unyevu, kuiweka ndani ya kontena lenye mfuniko kwenye friji kwa siku moja au mbili (si kwenye sehemu ya kugandisha), kisha kuzisia. Msimu wa kipupwe hupunguza taabu hii kwa kiasi kikubwa.

Nimwagilie kiasi gani?

Udongo wa kusia unatakiwa uwe na unyevu wa nguo iliyofuliwa ikakamuliwa vizuri. Chukua konzi moja, ibane kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu, inafaa. Yakitiririka maji, punguza. Ukiachia mkono na konzi ikasambaratika kama unga, ongeza. Mbegu inapumua inapoota, na udongo ambao kila nafasi yake imejaa maji hauna oksijeni ya kuipa, ndiyo maana kumwagilia mara tatu kwa siku kwa hofu huua mbegu nyingi kuliko kusahau mara moja.

Hata hivyo kuna kipindi ambacho kusahau mara moja kunatosha kuua. Mbegu kavu inavumilia miezi, na mbegu iliyolowa kisha ikakauka kabla ya kutoa mzizi mara nyingi bado huokoka, lakini mzizi ukishatoka hakuna kurudi nyuma. Kipindi hicho kinapita bila wewe kuona chochote juu ya udongo. Nailoni au gazeti lililoloweshwa husaidia kushikilia unyevu, mradi uliondoe siku ile ile unapoona mche wa kwanza, usisubiri wa mwisho.

Usitumie kopo lenye matundu makubwa, kwani mbegu ndogo hukimbilia pembeni mwa tundu au kuzama. Chupa ya kunyunyizia hufaa kwa siku za mwanzo, ingawa ina hila yake: hulowesha sentimita moja ya juu na kuacha chini pakavu, hasa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi unaotumiwa badala ya udongo) ikiwa imekauka kabisa, kwa kuwa kokopiti kavu husukuma maji pembeni badala ya kuyafyonza. Ni bora kuilowesha ndani ya ndoo na kuichanganya kwa mkono kabla ya kujaza trei. Baadaye unaweza kuiweka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha kidole kimoja, ukaitoa pale uso wa udongo unapobadilika rangi.

Nimetumia udongo wa bustani na samadi, kama ninavyofanya shambani. Kuna ubaya?

Ubaya upo kwenye kina kifupi cha trei. Udongo wa mfinyanzi ambao shambani unapasuliwa na mizizi na minyoo, kwenye tundu lenye kina cha sentimita nne hugeuka tofali. Samadi mbichi nayo hutoa amonia, na mbegu inayochipua haina pa kukimbilia. Ukinusa samadi na pua ikawasha, haijaiva, na haifai kuwa karibu na mbegu. Mbegu haihitaji mbolea ili iote, kwa kuwa chakula chake cha mwanzo kimo ndani yake. Mbolea inaanza kuwa na maana baada ya majani halisi ya kwanza kutokeza.

Mchanganyiko ninaouamini ni mboji iliyoiva na kuchekechwa, pamoja na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka jivu, kwa vipimo sawa, na mchanga kidogo wa mtoni ikiwa mboji inashikana. Kokopiti ni nzuri pia, lakini makumbi ya nazi ya pwani, hasa yale yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari ili kutoa nyuzi, hubaki na chumvi. Iloweke, ikamue, umwage maji, na urudie mara mbili au tatu.

Trei za mayai za karatasi huulizwa sana kwa sababu hazina gharama. Zinafaa kwa siku chache tu. Karatasi hunyonya unyevu kutoka kwenye udongo, kina ni kifupi, na kufikia wiki ya tatu mche huwa umekwama.

Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Yanaathiri?

Ndiyo, na huathiri mbegu kuliko mmea mkubwa. Chumvi huzuia mbegu kufyonza maji hata ikiwa imezungukwa nayo, na kila unapomwagilia maji huondoka kwa mvuke huku chumvi ikibaki, hivyo trei ya wiki ya pili ina chumvi kuliko maji yenyewe. Ukiona utando mweupe kwenye uso wa udongo au kwenye kingo za trei, umepata jibu lako. Wakazi wengi wa Dar es Salaam na Zanzibar wanaifahamu ladha ya maji hayo kwenye chai. Kwa kusia tu, ambako hauhitaji maji mengi, kinga maji ya mvua kwenye dumu uyatunze kwa kazi hiyo.

Mbegu izikwe kina gani, na inahitaji mwanga?

Kanuni ya mafundi wa vitalu ni mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu, ambayo kwa nyanya na hoho ni kama nusu sentimita hadi sentimita moja. Mchicha na mnavu, kwa udogo wake, huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, kisha hufunikwa kwa vumbi la udongo tu. Aina nyingi za saladi huota vizuri zaidi zikipata mwanga, kwa hiyo zibonyeze juu ya udongo bila kuzifukia. Mgagani ni kinyume, maana hupenda giza, ufunike.

Nina pakiti ya mwaka juzi. Nitajuaje kama bado ni nzima?

Hesabu mbegu hamsini, au ishirini kama ni chache, uzipange juu ya karatasi laini ya jikoni yenye unyevu, uikunje, uiweke ndani ya mfuko wa nailoni usiofungwa kabisa, mahali penye joto linalofaa zao hilo. Kagua kila siku kuanzia siku ya nne. Usitumie mbegu kumi, kwa sababu kila mbegu moja inabeba asilimia kumi, na bahati tu inaweza kukudanganya. Maabara zinazofuata kanuni za kimataifa hupima mbegu mia nne.

Zikiota thelathini kati ya hamsini, una asilimia 60, na ukihitaji miche mia moja itakubidi usie angalau mbegu 170. Ongeza nyingine juu ya hapo, kwa sababu mbegu iliyozeeka ikiota kwenye karatasi haina nguvu ile ile ya kupasua udongo. Tazama pia zilivyoota: ikiwa baadhi zimetoka siku ya tano na nyingine zinajikongoja hadi ya kumi na nne, pakiti hiyo inaelekea ukingoni.

Vitunguu ndivyo vinavyozeeka haraka kuliko vingine, na baada ya mwaka mmoja usivitegemee bila kuvipima. Hoho na bamia hukaa miaka miwili hivi, nyanya, kabichi na biringanya kama minne, matango kama mitano, na hizi zote ni hesabu za mbegu iliyotunzwa mahali pakavu na pa baridi. Adui ni unyevu na joto vikiwa pamoja. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wahifadhi wa mbegu husema kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, maisha yake huongezeka karibu maradufu, na vivyo hivyo kwa kila nyuzi tano za joto zinazopungua. Pakiti iliyofunguliwa ikawekwa kwenye droo huko pwani haina mwaka. Iweke ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kijifuko cha kukausha unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya, na uiweke kwenye friji. Ukiitoa, subiri chupa ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya mbegu.

Nimetoa mbegu mwenyewe kwenye tunda. Mbona haziji?

Kwa nyanya na papai, tatizo ni ule ute. Utando unaozunguka mbegu una kemikali zinazoizuia isiote ikiwa bado ndani ya tunda. Nyanya huachwa zichachuke na maji yake kwa siku mbili au tatu, kisha huoshwa na kuanikwa kivulini. Mbegu za papai husuguliwa kwa mchanga au kwenye kitambaa hadi vile vifuko vya utelezi vitoke, huoshwa, na kulowekwa kwa siku moja huku maji yakibadilishwa.

Mnavu unahitaji usafi huo huo: mbegu zilizokaushwa pamoja na sukari ya tunda huota kwa kubahatisha. Mgagani una jambo jingine, nalo ni usingizi. Mbegu iliyovunwa leo na kusiwa wiki ijayo huota chache mno, lakini zile zile zikikaa miezi mitatu hadi sita mahali pakavu huamka. Kila mwaka kuna mtu anayetupa mbegu nzuri za mgagani kwa kutojua hilo. Bamia halina usingizi huo, ila lina ganda gumu, na kuliloweka usiku mmoja kunatosha.

Mbegu za tunda lililotokana na mbegu chotara zitaota kama nyingine, ila miche yake haitafanana na mama yake.

Nitajuaje kama kweli nimeuziwa mbegu feki?

Kwanza fanya jaribio la karatasi kwa mbegu zilizobaki kwenye pakiti, kwa joto sahihi. Zikiota vizuri pale, mwenye duka hana hatia. Zisipoota, angalia lebo: inapaswa kuonyesha zao na aina, namba ya fungu na tarehe. Nchini Tanzania udhibiti uko chini ya TOSCI, taasisi ya serikali ya ubora wa mbegu yenye makao makuu Morogoro, na nchini Kenya uko chini ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea na mbegu. Taasisi hizi hupokea malalamiko, lakini zitahitaji pakiti yenyewe na risiti, vitu viwili ambavyo watu hutupa siku ya kusia. Mbegu iliyopimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililo wazi haina lebo ya kufuatilia, na kopo lenyewe huwa limepigwa jua la dirisha la duka msimu mzima.

Mbegu zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, kijani au buluu zisilowekwe kabla ya kusia, maana utaosha kinga yake. Vaa glovu unapozishika.

Zimeota vizuri, halafu zinaanguka moja baada ya nyingine. Ni nini?

Tazama shina pale linapokutana na udongo. Likiwa limebanwa jembamba kama uzi, lina majimaji au rangi ya kahawia, hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya udongo kama vile Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Vimelea hivyo hivyo huozesha mbegu kabla haijachomoza, kwa hiyo trei yenye mapengo na miche inayoanguka kwa wakati mmoja ina ugonjwa mmoja. Mche ulioanguka haunyanyuki tena. Ondoa ulioathirika pamoja na udongo wake, acha uso ukauke, punguza msongamano, na ruhusu upepo upite. Msimu unaofuata, tumia udongo uliotibiwa kwa jua: ulowe, ufunikwe kwa nailoni angavu na kuachwa juani wiki nne hadi sita.

Lakini ikiwa shina ni zima, jeupe na refu kupita kiasi, ugonjwa haupo. Mche unatafuta mwanga. Usogeze kwenye mwanga siku hiyo hiyo.

Ninaishi Ulaya au Marekani na ninataka mchicha na bamia kama vya nyumbani. Nisie lini?

Uzisie ndani wiki nne hivi kabla ya tarehe ambayo eneo lako huacha kupata jalidi (umande unaoganda usiku wa baridi). Ukianza Februari kwa hamu, miche itarefuka dirishani na kudhoofika. Dirisha la Machi linaonekana lina jua, lakini kioo ni baridi usiku, na bamia hutaka udongo wa nyuzi 25 na zaidi. Mkeka wa umeme wa kupashia trei joto chini hutatua hilo kwa mbegu za aina hii, ukizimwa miche ikishachomoza. Hewa ya nyumba inayopashwa joto majira ya baridi ni kavu mno, hivyo nailoni juu ya trei ni ya lazima.

Lini niache kusubiri, na je, naweza kutumia tena trei ile ile?

Subiri mara mbili ya muda wa kawaida wa zao hilo kwa joto ulilopima, kisha fukua tena. Mbegu zikiwa bado zimekaza, ongeza joto na usubiri wiki nyingine. Zikiwa uji, mwaga udongo wote mbali na kitalu, sugua trei kwa sabuni, iloweke dakika kumi kwenye maji yenye sehemu moja ya dawa ya klorini ya nyumbani kwa sehemu tisa za maji, isuuze, na uianike juani. Safari hii sia nusu ya pakiti, na uandike tarehe na kipimo cha joto kwa kalamu isiyofutika kwenye ukingo wa trei.